Ng'ombe Ndani ya Daftari

Binti yangu Holo aliandika idadi ya ng'ombe wetu kwenye daftari, na daftari akampa mtu nisiyemjua.

Asiyefuga anaweza kucheka. Sisi hatutaji idadi. Ukiniuliza nina ng'ombe wangapi nitakwambia wapo, wachache, tunashukuru. Ndugu yangu wa tumbo moja hajui. Hata ndani ya nyumba hakuna anayetaja kwa sauti. Kila mtu anajua na kila mtu ananyamaza. Wengine wanasema ni kuogopa husuda. Mimi naogopa karatasi. Kule tulikokaa kabla ya kuhamia Chole, huku Kisarawe, alikuja kijana na orodha akasema ni ya chanjo. Tukamtajia. Mwezi haujaisha tukaambiwa mifugo imezidi eneo, tuondoke. Chanjo hatukuiona.

Kwa hiyo Recho, mwalimu wa shuleni kwa Holo, alipokuja na habari ya kambi, nilimuuliza mara mbili nani analipa.

"Ni bure, Baba Isaya. Kambi ya sanaa na uandishi kwa vijana. Likizo ya Juni, wiki mbili, Kibaha pale Kwa Mathias. Wanalala huko, wanakula, wanafundishwa."

"Wanafundishwa nini ambacho ninyi kimewashinda?"

"Maigizo, kuchora, kutunga hadithi."

"Uongo Holo anao wa kutosha, hana haja ya mwalimu."

Mke wangu Maria akacheka, Holo akacheka, nikajikuta nimekubali. Holo ana miaka kumi na sita, yupo kidato cha tatu, na ndiye anayetusomea barua. Mimi niliacha shule darasa la nne. Kusoma nasoma, ila polepole, na sipendi kusoma mbele ya mtu.

Jumapili ya kwanza ilikuwa siku ya wazazi. Nilifika Kwa Mathias saa nne asubuhi, nikaelekezwa kwenye ukumbi nyuma ya maduka. Vijana walikuwa kumi na wawili. Wawili wamefungwa vitambaa machoni, wanatembea wakipapasa ukuta. Mmoja amelala sakafuni anajifanya maiti, na hakuna anayemlilia. Holo akanikimbilia, akapiga goti, akaniamkia.

"Baba, hadithi yangu imechaguliwa! Nitaisoma siku ya kufunga, Jumamosi ijayo. Halafu itachapwa kwenye kitabu."

"Hadithi ya nini?"

"Ya ng'ombe wetu."

Nyuma yake akaja kijana mwenye rasta, kalamu ameichomeka kwenye nywele. Ndiye Didas, mwalimu wao.

"Shikamoo mzee. Hongera kwa binti."

"Marahaba. Wewe ndiye unayefundisha kuhesabu ng'ombe wa watu?"

"Hesabu?" Akacheka. "Mzee, hesabu nilipata F. Nafundisha kuandika. Niliwaambia kila mmoja aandike kitu anachokijua kuliko mtu yeyote humu ndani. Holo ametupa kila kitu! Wako wangapi, rangi zao, wanakunywa kisima gani, wanapita wapi. Hadi harufu tumeisikia."

"Idadi ya nini kwenye hadithi?"

"Namba ikiwepo, msomaji anaamini."

"Msomaji yupi?"

"Yeyote, mzee."

"Huyo yeyote ndiye ninayemuogopa."

Alidhani natania. Nikamuuliza maandishi yanakwenda wapi yakitoka hapa. Akasema ameshaichapa hadithi kwenye kompyuta yake, na nakala moja imekwenda Dar kwa wafadhili. Wafadhili gani? "Ni watu tu, mzee, wanapenda vijana." Nje kulikuwa kumeegeshwa gari jeupe lenye vioo vyeusi, na jamaa mwenye kizibao cha mifuko mingi alikuwa anapiga picha. Akanipiga na mimi. Nikamwambia afute. Alifuta, au alijifanya kufuta.

Bure. Idadi, kisima, njia, picha. Vyote nilishaviona zamani, safari hii vimeletwa na maigizo.

"Kachukue nguo zako," nikamwambia Holo.

"Baba, bado siku sita."

"Kachukue nguo."

Alirudi na mfuko, akaninyooshea daftari kwa mikono miwili. "Baba, soma kwanza. Soma hata mwisho wake tu."

Vijana wote walikuwa wananitazama, na Didas, na yule wa kamera. Nisome pale, kidole juu ya kila neno? Na kumuuliza ameandika wangapi nisingeweza, wala yeye asingeweza kunijibu, maana kutaja mbele ya watu ndiko hasa nilikokuwa nakukimbia. Nikalichukua daftari, nikalikunja, nikalitia kwenye mfuko wa koti.

Tulipofika Chole, Maria alikuwa anasonga ugali. Nikalisukuma daftari motoni, chini ya sufuria.

"Umelisoma?" Maria akauliza.

"La nini? Ushahidi hausomwi, unachomwa."

Holo alikuwa amekaa hapohapo anachambua mchicha. Aliendelea kuchambua.

Asubuhi yake nikamwambia mwanangu Isaya tuondoke na ng'ombe.

"Kwenda wapi, baba? Malisho yapo."

"Wakija kuhesabu, walikute zizi tupu."

"Kina nani?"

"Wewe swaga."

Tukaelekea kusini, mabondeni, kwa watu tusiowajua, tukipita vichakani ili tusionekane barabarani. Kwenye bonde la kwanza kulikuwa na tope. Ng'ombe wawili walizama hadi tumboni, tukavuta mpaka kamba ikakatika, tukawaacha. Na vile vichaka vimejaa mbung'o.

"Baba, mbung'o hawa watatumaliza," Isaya aliniambia siku ya tatu.

"Mbung'o hana karatasi," nikamjibu.

Kila jioni palipokuwa na mtandao nilimpigia Maria.

"Wamekuja?"

"Hakuna aliyekuja."

"Gari jeupe?"

"Hata pikipiki, Masumbuko. Rudini."

Nikaona basi, wanatuvizia. Siku ya kumi ng'ombe wakaanza kukonda, manyoya yamesimama, macho yanachuruzika. Wa kwanza kufa ni yule mwekundu mwenye pembe iliyopinda, aliyefika Chole akiwa ndama. Tukamwacha alipoangukia. Baada ya hapo Isaya hakunishauri kitu tena. Siku ya kumi na tisa tuliingia nyumbani na waliobaki.

Mwalimu Recho alikuja keshokutwa yake na karatasi zilizochapwa. Chai hakutaka.

"Baba Isaya, Didas anauliza kama utasaini hadithi ichapwe. Bila saini ya mzazi hawawezi."

"Ndiyo hiyo waliyopelekewa wenye gari?"

"Gari gani? Lile jeupe? Yule ni mpiga picha za harusi wa Maili Moja, alijitolea. Na wafadhili ni walimu wastaafu watano, mmoja alinifundisha mimi." Akanitazama. "Hivi uliisoma?"

"Nisomee," nikasema.

Akasoma. Ng'ombe mia tatu na kumi. Nikainuka kwenye kiti. Mia tatu! Wetu hata nusu yake, hata... tuache hapo. Kijiji kilikuwa na jina ambalo sijawahi kulisikia, na kisima kilikuwa chini ya mlima ambao haupo. Rangi alizichanganya zote. Cha kweli kilikuwa kimoja: mtu anayesimama mlangoni mwa zizi kila jioni, midomo amefunga, macho yanakwenda kutoka mgongo hadi mgongo, na binti yake upande wa pili anafanya vilevile, na hawaulizani. Mwisho ulikuwa hivi: "Idadi niliyoitaja siyo yenyewe. Baba akisoma atajua, na atacheka."

Recho alikunja karatasi. Nikamwita Holo. Akaja, akapiga goti.

"Nitasaini," nikamwambia.

"Asante, baba. Isichapwe."

"Nimesema nitasaini."

"Nimesikia, baba. Mimi ndiye sitaki." Akamgeukia Recho. "Mwalimu, nisalimie mwalimu Didas. Mwambie samahani kwa usumbufu." Akainuka, akarudi jikoni.

Wawili walizama kwenye tope. Saba walikufa kwa mbung'o, watatu kati yao wakiwa na mimba. Siku kumi na tisa tulikuwa porini, na Isaya aliporudi homa ilimlaza wiki mbili. Siku sita za kambi Holo hakuzikaa. Daftari lilikuwa moja. Recho anasema Holo alikuwa ameshajaza kurasa arobaini na tatu, na hadithi ya ng'ombe ilichukua sita tu. Zile thelathini na saba zilikuwa za nini, hakuna aliyezisoma. Kitabu kimetoka mwezi uliopita, kina hadithi kumi na moja.