Fleti Namba Kumi na Nne Haina Mtu

Raili Hautaniemi hajawahi kumbembeleza mtu. Aliwaambia hivyo wenzake wa kiwanda cha karatasi kwa miaka thelathini na minne, akamwambia mchungaji aliyemzika mumewe, na asubuhi ile ya Januari alikuwa akimwambia dada yake kwenye simu.

"Mimi sibembelezi, Liisa. Si binadamu, si chombo."

Akakata simu, akainua mikono yote miwili, akaipunga kuelekea darini kama mtu aliyeona meli ya kumwokoa.

Darini kulikuwa na jicho jeupe, dogo kama kifuniko cha chupa. Kazi yake ni kujua kama ndani mna mtu. Likiona kitu kinajongea, linawaka kijani, na kipasha joto kilicho chini ya dirisha kinafunguka. Dakika ishirini zikipita bila kitu, linaamua wenyewe wametoka, na joto linafungwa. Walioliunda bila shaka ni vijana wasiojua kutulia. Raili alikuwa na nyonga ya bandia iliyogoma, na kazi iliyombakia ilikuwa kufuma soksi. Vidole vinavyofuma, jicho halivioni. Kwa hiyo kila dakika ishirini, mikono juu. Nje kulikuwa na nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri. Kipimajoto cha ukutani kilisoma kumi na sita.

Barua ameandika tatu. Kampuni yenye jengo ilimjibu zote tatu kwa sentensi ileile: "Fleti yako hufikia nyuzi ishirini na moja inapotumika."

Lakini leo mkaguzi anakuja. Anakuja kulipatia jengo alama, limejiandaa kiasi gani kwa teknolojia erevu. Akiandika kwamba jicho linamgandisha mpangaji, kampuni itabidi ilishughulikie. Asipoandika, jengo litapewa cheti, na nani atagusa kitu chenye cheti?

Walifika saa nne, wakavua viatu mlangoni. Mkaguzi, Sanni Törmä, alikuwa msichana wa soksi zenye picha za paka. Välitalo, mtu wa kampuni, alivaa soksi nyeusi za bei, na dole gumba la kushoto limetoka kusalimia watu.

"Hii ndiyo fahari yetu," Välitalo akasema, akionyesha darini. "Nyumba yenyewe inajua kama upo."

"Haijui," Raili akasema. "Kaeni niwaonyeshe."

"Muda hatuna, mama."

"Kahawa nishamimina."

Hapo wakakwama. Hapa mjini Varkaus mtu anaweza kukataa urithi, lakini si kahawa iliyokwisha kumiminwa. Wakakaa.

"Sasa msijongee. Wala msiseme kitu."

Kwingine watu wangekohoa, wangechekacheka, wangetafuta habari za hali ya hewa. Hawa watatu walitulia tu. Kukaa kimya na mgeni kwao si adhabu, ndio ugeni wenyewe. Kahawa ikapoa. Mikate ya iliki ikaangaliwa kwa heshima. Dole gumba la Välitalo likachezacheza chini ya meza, jicho lisilijali.

Taa ya kijani ikazimika. Kipasha joto kikalia tik. Simu ya Välitalo ikatetemeka mezani, naye alipoifunika kwa kiganja, Sanni alikuwa keshaisoma: Fleti 14, haina mtu.

"Tuko wangapi humu, binti?" Raili akauliza.

"Watatu."

"Andika."

Sanni akapandisha ukurasa kwenye kishikwambi, akaushusha, akaupandisha tena. "Mama, fomu inauliza kama jengo linaweza kupunguza joto lenyewe watu wakitoka. Linaweza. Hiyo ni ngazi ya juu kabisa."

"Nani katoka?"

"Fomu inauliza uwezo. Haiulizi..."

"Malizia."

"Haiulizi mtu anajisikiaje."

Välitalo akatabasamu kwa upole. "Mama Raili, si uwe unasimama tu mara mojamoja? Hata daktari angekushauri mazoezi."

"Daktari wangu nikikataa mazoezi hanizimii joto." Akamgeukia Sanni. "Basi andika pembeni."

"Haina pembeni, mama."

"Sawa. Wekeni alama zenu. Lakini mkono wangu hauinuki tena. Nitakaa hapahapa nilivyo, na siku mkinikuta nimekauka, mtafute ni ngazi ya ngapi."

Välitalo alikuwa tayari anafunga kamba za viatu. Sanni alikunywa kahawa yake baridi mpaka chini, akashukuru, akatoka bila kuinua macho.

Raili akavaa kofia ya manyoya ya mumewe na buti za sufu, akakaa. Taa ikazimika. Kumi na tano. Akalitukana jicho kwa matusi ya kiwandani, yale ya zamu ya wanaume, bila kutikisa bega. Kumi na nne. Akasikia wageni wake wakipanda ghorofa ya juu, mlango hadi mlango. Sindano ya kufumia ikamponyoka. Akaiacha hapo chini. Kumi na tatu na nusu, na meno yakaanza kugongana yenyewe.

Mkono ukapanda.

Kijani. Tik. Mvumo wa maji ya moto ukapita ndani ya bomba.

"Samahani, mama. Nilibisha hodi."

Sanni alikuwa amesimama kwenye mlango ambao Välitalo hakuuvuta vizuri, soksi zake za paka juu ya zulia, kishikwambi kimeinuliwa usawa wa uso.

"Fomu inataka picha," akasema taratibu. "Ya jicho. Likiwa limewaka."

Mkono wa Raili ulikuwa bado hewani. Uso ukamwaka moto, moto wa kwanza tangu asubuhi. Wakatazamana, na hakuna aliyejifanya hajaona.

"Piga," Raili akasema. "Ila nami niwemo. Kofia, buti, mkono. Vyote."

"Inachukua jicho tu, mama."

"Rudi nyuma, basi."

Nyuma ya Sanni kulikuwa na hatua mbili mpaka ukutani. Alikuwa bado hajapiga hata hatua moja. Mkono wa Raili ukaanza kuchoka begani. Hakuushusha.