Baba wa Kwenye Simu

Candida alikuwa akimkatia mteja kitenge dukani kwake Kariakoo aliposikia binti yake, Rachel, akicheka nyuma ya marobota. "Ndiyo, baba. Nimekula, baba."

Mkasi ukamgandia mkononi. Anselmi, baba yake Rachel, alikuwa amefariki mwaka sasa kasoro siku nne. Kesho yake walikuwa wasafiri kwenda Kibosho, alikozikwa, kwenye misa ya kumbukumbu, na tangu asubuhi Rachel alishikilia kwamba haendi.

"Unaongea na nani?"

"Na baba." Rachel hakuinua macho. "Kuna programu, nimeiwekea meseji zake na sauti zake. Inanijibu kama yeye. Sasa Kibosho nafuata nini, mama? Baba tunaongea kila siku."

Damu ikampanda Candida kichwani. Kumbe hiki ndicho kilichomtoa mtoto chuoni, kikamfanya asile na wenzake, asisalimie wageni! Akampokonya simu, akaifokea. "Wewe! Mimi ni nani?"

"Candida, mpenzi wangu," ikajibu sauti, ya Anselmi kabisa. "Nimekukumbuka."

Hasira ikamzidi maradufu. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, Anselmi hakuwahi kumwita mpenzi. Alimwita Mama Rachel, tena kwa kufoka, akitafuta soksi zake.

"Mwongo mkubwa!"

Mteja akaacha kitenge, akatoka zake. Rachel alimrukia mama yake, wakang'ang'aniana mpaka robota likaanguka, lakini kidole cha Candida kilikwisha kuifuta ile programu.

"Umemuua! Umemuua baba!"

"Kauawa na figo! Nimemuuguza mimi, wewe umejifungia na simu! Hata kumlilia hujamlilia!"

Rachel akaporomoka sakafuni kwenye vitenge vilivyomwagika, akaangua kilio cha msiba, kilichochelewa mwaka mzima. Candida hakumbembeleza. Aliichukia ile simu, alimkasirikia mtoto, akamkasirikia hata Anselmi kwa kufa na kumwachia haya yote. Akashusha mlango wa duka saa nane mchana, akakaa chini kando ya binti yake.

"Nikifika kaburini nitamwambia nini?" Rachel akauliza baadaye.

"Chochote," Candida akasema kwa ukali. "Hatakujibu."

Rachel akalia upya. Lakini asubuhi ndiye aliyetangulia kubeba begi.