Mkono wa Kushoto wa Josiah Tolliver

Kengele ya mlango ililia Jumapili moja ya Machi 1978, Obiero, mwenzangu wa nyumba, akisonga ugali wa semolina nami nikikata kabichi. Hatukuwa tunamtarajia mtu. Hapa Sundbyberg, kwa Waswidi, watu hawajiendei tu kwa watu. Hupiga simu kwanza.

"Kama ni mhubiri, mwambie tumeshaokoka," Obiero akasema bila kugeuka.

Mlangoni alisimama bibi mmoja mweusi, mfupi, wa miaka sabini na kitu, theluji ikiwa bado mabegani mwa koti lake. Mkononi alishika kipande cha gazeti chenye picha yangu.

"Wewe ndiye Method Wambura?" Kiswidi chake kilikuwa safi, ila Marekani ilisikika ndani yake.

"Ndiye."

"Nimekuja kuhusu ule mkono uliouvunja."

Nilijua mara moja anasema mkono gani. Kwa miaka miwili nilikuwa nimeishi na mpiga piano aliyefariki mwaka 1931, Josiah Tolliver wa Chicago, mmoja wa wale wa mwanzo kabisa wa jazi. Mambo machache yanajulikana juu yake: mama yake alikuwa dobi, alijifunza piano kanisani, akatunga na kurekodi kwa miaka saba, kisha mapafu yakamuua. Alichoacha ni nyimbo arobaini na mbili kwenye santuri. Nilizisikiliza zote, na kwa kila moja nikaandika tarehe, mji, wapigaji, na namba iliyokwaruzwa karibu na kitovu cha sahani ya santuri. Nilikuwa nimemaliza digrii yangu ya muziki, na niliamini kwa dhati kwamba mtu aliyesahauliwa anaweza kurudishwa duniani kwa orodha iliyoandikwa vizuri.

Sifa ya Tolliver ilikuwa mkono wake wa kushoto. Ulikuwa mpana ajabu. Kidole kidogo kilishika kitufe cha kwanza na gumba likashika cha kumi, vyote kwa pigo moja, mfululizo, bila kuchoka. Isipokuwa katika nyimbo mbili za Novemba 1926. Humo mkono unaanza na sauti ya chini, halafu unarukia ya juu, kama mtu apandaye ngazi ndefu kuliko miguu yake. Nikahitimisha kwamba alikuwa amevunjika kidole. Tena katika wimbo wa pili, kabla ya kipande cha mwisho, kuna kimya cha pigo zima. Juu ya kimya hicho niliandika kurasa mbili: maumivu yaliyogeuka kuwa sanaa. Gazeti moja lilipenda, likanipiga picha. Idara ya muziki chuoni ilipenda zaidi, na makala ilikuwa tayari kwa mpiga chapa, iingie kwenye kitabu chake cha mwaka. Profesa wangu alikuwa ameniambia wazi kwamba kwa makala ile nitapata nafasi ya utafiti ya miaka minne.

"Karibu ndani, mama," nikasema. Kwa Kiswidi kila mtu ni wewe tu, lakini mdomo wangu ulikataa.

Jina lake lilikuwa Odessa. Aliolewa na fundi wa meli, Mswidi, akaja naye, na mumewe alipokufa akazikwa naye nusu, alivyosema mwenyewe, na sasa alikaa Husby peke yake. Alikula ugali wetu kwa mkono bila kuuliza.

"Josiah hakuvunjika kitu," akasema. "Siku ile hakuwepo. Jino lilimvimbisha uso akashindwa hata kufungua jicho. Chumba cha kurekodi kilikuwa kimeshapangwa. Mimi ndiye niliyekuwa nikinakili tungo zake, kila noti. Nikakaa mimi."

"Na jina?"

"Karatasi za kubandika kwenye santuri zilikuwa zimeshachapwa jina lake." Akanyoosha mkono wake wa kushoto juu ya meza, katikati ya sahani. Ulikuwa mdogo kama wa msichana wa darasa la tano. "Huu unashika kumi kweli?"

Obiero alicheka mpaka mwiko ukamponyoka. "Msomi! Umemvunja mtu mzima kidole bure!"

Sikucheka. Nilikuwa na wivu wa ajabu, wivu wa kitu nilichodhani ni changu. Lakini chini yake kulikuwa na hamu iliyonishinda nguvu. Nilitaka kujua.

"Mama, unaweza kupiga?"

"Sijagusa piano tangu mume wangu afe. Una piano?"

Nilikuwa na ufunguo wa ukumbi wa kanisa, wenye piano, kwa kuwa nilipiga kinanda pale kwenye ibada. Obiero akafunika sufuria, tukavuka barabara sote watatu, yeye akimshika bibi mkono kwenye barafu na kumwuliza kama Chicago kuna Wajaluo.

Mwanzoni vidole vilikataa. Alikosea, akaguna, akaanza upya. Mara ya tatu wimbo wa kwanza ukatoka, polepole, na mkono wa kushoto ukapanda ngazi ile ile, chini kisha juu. Nikajizuia nisiamini. Mtu yeyote aliyewahi kusikia santuri anaweza kuiga.

Kisha akaingia wimbo wa pili. Alipokaribia kipande cha mwisho, mkono wake wa kulia ukaacha vitufe, ukaenda juu, ukashika hewa palipokuwa patupu mbele yake, ukaigeuza, ukarudi. Pigo moja zima. Hakujua kwamba amefanya hivyo.

"Mama, hapo umefanya nini?"

"Wapi?"

"Mkono wako. Umeenda juu."

Akautazama mkono kana kwamba ni wa jirani. "Aa! Ukurasa. Nilikuwa nasoma, na hakukuwa na mtu wa kunigeuzia."

Kurasa zangu mbili za maumivu! Mtu alikuwa anageuza karatasi.

Obiero safari hii alisogea karibu autazame mkono ule.

"Mama, unataka nifanye nini?" nikauliza.

"Sitaki hadithi wala picha kwenye gazeti. Andika jina langu kwenye mstari wangu. Odessa Pruitt, ndivyo nilivyoitwa siku ile. Ila fanya haraka. Daktari wa macho ameniambia nina mwaka, labda usifike. Nataka nilisome mwenyewe."

"Nitaandika," nikasema.

Kesho yake nikampelekea profesa habari, nikidhani atafurahi kama mimi. Alikuwa mtu mwema. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Inawezekana ni kweli," akasema. "Sasa nisikilize. Kamati ya nafasi yako inakutana Mei. Ukitoa kidole kilichovunjika, hii si makala tena, ni orodha. Acha itoke ilivyo. Mwakani utaandika sahihisho, na litakuwa na kishindo."

"Mwakani hataona."

"Watamsomea."

"Nimemwahidi atasoma mwenyewe."

"Method, kibali chako cha kukaa kinategemea nafasi hii."

Nilijua. Nilitembea hadi stesheni na kurudi mara mbili. Jioni Obiero akaniambia niache ujinga, bibi mwenyewe angenielewa. Baada ya dakika tano akasema, "Lakini ule mkono, bwana. Ulivyoenda juu," akaenda kulala.

Siku ya Jumatano nilikaa kwa mpiga chapa na prufu zangu, nakala za kusahihisha kabla ya kuchapwa. Nikafuta kurasa kumi na moja. Zikabaki nne za majina na namba. Kwenye mistari miwili ya Novemba 1926 nikaandika, upande wa piano, jina jingine.

Mwezi Mei kamati ilimpa nafasi mtu mwingine. Walikuwa wapole, hawakusema uongo. Nikapata kazi kwenye ghala moja la Jordbro, kupanga masanduku kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, na kibali cha miezi sita, basi. Baada ya hapo sikujua.

Kitabu cha mwaka kilitoka Septemba. Nilikwenda Husby nikitoka moja kwa moja zamuni, viatu vya kazi miguuni, nikaviacha mlangoni. Odessa alikaa karibu na dirisha, kioo cha kukuzia mkononi. Nilitaka kumwonyesha mstari, akausukuma mkono wangu.

"Niache nitafute."

Alipanda na kushuka ukurasa, pua ikikaribia kugusa karatasi. Ilichukua muda. Kisha kioo kikasimama. Midomo yake ikatamka jina bila sauti, mara moja, na mara ya pili kwa sauti, jina lote.

Nilidhani atafunga kitabu. Kioo kikaendelea kushuka.

"Hapa chini, Februari 1927. Mpiga ngoma umeandika hajulikani."

"Hajulikani, mama. Nimetafuta kila mahali."

"Hajulikani na nani?" akasema kwa hasira kidogo. "Kaa chini."