Sentensi ya Ndanu

Jumanne baada ya uji, Mwalimu Pauline aliandika maneno mapya ubaoni, moja chini ya lingine, akayapigia mstari kwa rula ya mbao. Ulikuwa mwaka wa tisini na nane. Madawati ya watoto wawili yalikaliwa na wanne, na upepo wa Kyumbi ulipitisha vumbi dirishani bila kuomba ruhusa. "Tungeni sentensi," alisema, na mikono ikainuka.

Katika shule hiyo, sentensi ya Kiingereza ikiwa sawa, kitu chake kiliingia darasani. Mutindi alisema, "The hen is fat," na kuku akapita mlangoni, mnono kweli, akaenda kusimama chini ya ramani ya Kenya. Sentensi ikiwa na kosa, au ikiwa ya uongo, hakikuja kitu, na aliyeitunga alikaa chini huku anachekwa. Ubao ukifutwa, kila kitu kilirudi kwao. Walimu waliupenda utaratibu huo kwa sababu uliwapunguzia kazi ya kusahihisha. Mwalimu mkuu, Bwana Bartholomew, alikataza sentensi za ng'ombe tu, maana wazazi walikuwa wamechanga juzi kuweka sakafu ya simiti.

Kitabu cha darasa la sita kilikuwa na neno "innocent", yaani asiye na hatia. Pauline alikuwa amelikwepa muhula mzima. Lakini Ndanu wa dawati la mbele alikuwa na kiherehere cha kusoma kurasa ambazo hazijafikiwa. Alisimama bila kuulizwa.

"She is innocent."

Wanza akaingia.

Huyu Wanza alikuwa msichana wa kazi nyumbani kwa Pauline. Alimlea mtoto wa mwalimu huyo, Mbithi, tangu kitovu hakijaanguka, mpaka siku pete ya ndoa ya Pauline ilipopotea. Siku hiyo Pauline alizimwaga nguo za Wanza kando ya barabara pale Kyumbi, mbele ya wauza machungwa, akamwita mwizi. Jumapili akaliombea jambo hilo kwa sauti mbele ya kina mama wa kanisa, ambao yeye ndiye mwenyekiti wao. Kabla ya Krismasi, mkono wake ulipenya kwenye bitana iliyochanika ya koti lake la kanisani, ukagusa pete. Walikuwa katikati ya wimbo. Ubeti uliofuata aliuimba kwa nguvu kuliko wote. Tangu hapo usingizi ulimpaa, na hakumwambia mtu.

Wanza alisimama kando ya kuku, mikono imejaa magamba, maana kazi aliyoipata huko Masinga ni ya kusafisha samaki wa watu.

"Mama Mbithi," akasema, "nimesikia nimeitwa."

"Si mimi nimekuita. Ni mtoto alikuwa anatunga sentensi."

"Ni sawa tu. Lakini kwa vile nimefika." Alipangusa mikono kwa leso. "Ndugu yangu amekataa nikae kwake. Anasema hawezi kaa na mwizi, na mama naye amenyamaza. Waambie tu hawa watoto sikuiba hiyo pete. Jioni watapeleka hiyo maneno kwao, mpaka kwetu itafika. Mimi sitaki kitu ingine."

Watoto walingoja, kalamu tayari, wakidhani ni sehemu ya somo. Pauline alijua Wanza amesema kweli. Habari za darasa la sita hufika sokoni kabla ya maziwa ya jioni. Zingefika na kwa kina mama wa kanisa vilevile. Alitaka kusema, jamani, msimwonee, alitaka kweli, na mdomo aliufungua.

"Ndanu," alisema, "hiyo sentensi si sawa."

Ndanu alimtazama Wanza, kisha mwalimu. "Lakini mwalimu, si amekuja?"

"Nimesema si sawa. Sikilizeni yangu. The baby is innocent."

Mtoto mchanga akawa juu ya meza, amevaa fulana ya manjano ambayo Mbithi aliivaa akiwa mchanga. Alilia kwa nguvu. Hakuna aliyesogea ila Wanza. Alimfunga mgongoni kwa leso yake, akatembea naye kati ya madawati akimsemesha Kikamba hadi akanyamaza. Watoto walinakili sentensi ya mwalimu.

Wanza alipompitia karibu, Pauline alimwambia, "Pole, Wanza," kwa sauti ambayo hata dawati la mbele halikuisikia.

"Si mimi wa kuambiwa, Mama Mbithi," Wanza akasema. "Ni hawa."

Pauline alichukua dasta akafuta ubao kona hadi kona. Kuku akaenda, mtoto akaenda, Wanza akaenda. Kengele ya chakula ikalia.

Desturi ya shule ilikuwa kwamba sentensi mbovu huandikwa upya mpaka ukurasa ujae. Wenzake walipotoka na sahani zao, Ndanu alibaki.

"Niandike aje, mwalimu?"

"Ongeza 'not'."

Aliandika "She is not innocent", mstari baada ya mstari, kwa mwandiko mzuri, na kila alipomaliza mmoja aliutazama mlango. Hakikuingia kitu. Alipoleta daftari, Pauline alitia tiki nyekundu kwenye kila mstari, kisha akamwambia aende akale muthokoi kabla haujapoa.