Kamati ya Jina

Mtoto wa kike alikuwa na siku sita tu duniani, na tayari alishaundiwa kamati.

Mwenyekiti alikuwa kaka mkubwa wa baba mtoto, mtunza stoo katika ofisi moja ya umma. Kazi yake ilikuwa kuhesabu rimu za karatasi na viti vilivyovunjika miguu, lakini akiwa nyumbani alitaka aitwe Mheshimiwa, na ndugu zake walimwita. Mtu ukimwita hivyo miaka kumi, hata kitambi chake kinaanza kuamini. Katibu alikuwa dada yao, mwenye daftari. Mjumbe wa tatu na wa mwisho alikuwa baba mtoto mwenyewe, fundi wa friji. Friji iliyokufa aliifufua kwa bisibisi moja, lakini mbele ya kaka yake alifyata mkia.

Mama mtoto hakuwa mjumbe. Yeye alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Asubuhi hiyo alikuwa chumbani, mtoto yuko kifuani, ukuta mmoja tu kati yake na kikao.

"Mzazi apumzike," Mheshimiwa alisema sebuleni, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi.

"Unamsikia baba yako mkubwa?" Fundi alimnong'oneza mtoto. "Kuzaa nizae mimi, kupumzika nipangiwe na mtunza stoo."

Alichotaka kilikuwa kitu kimoja: mtoto aitwe jina la bibi yake, mama yake Fundi. Mama huyo alifua mashuka ya hospitali miaka ishirini na mmoja, mpaka kucha zikaoza kwa dawa, na kwa mikono hiyo hiyo akamsomesha binti yake ushonaji. Alifariki mwezi mmoja kabla mimba haijaingia. Hakuacha nyumba wala kiwanja, aliacha jina, na Fundi ndiye mtoto wake pekee. Mumewe aliambiwa yote hayo mimba ikiwa ya miezi mitano, akajibu, "Sawa, mama." Fundi aliamini kwamba sawa maana yake ni sawa.

"Agenda ya kwanza, jina," alisema Mheshimiwa. "Ya pili, mengineyo. Mimi napendekeza mtoto apewe jina la Mkurugenzi wetu."

"Mkurugenzi gani?" aliuliza katibu, wifi yake Fundi.

"Wa ofisini kwetu. Mama mwenye utu sana yule. Juzi alinisalimia kwenye ngazi."

"Kwa jina lako?"

"Alisema, 'Habari za stoo.'"

Sebuleni hakuna aliyecheka. Kisa chenyewe kila mtu alikijua: nafasi ya afisa ugavi msaidizi ilikuwa wazi, na Mheshimiwa alikuwa ameiomba kwa barua tatu. Sasa alitaka kumvika Mkurugenzi kilemba cha ukoka. Na kilemba chenyewe, Fundi alijisemea, kiwe mwanangu!

"Mdogo wangu, unasemaje?"

Fundi alisogeza sikio ukutani.

"Mimi... kama kaka umeona inafaa..."

"Ahsante. Katibu, andika kwamba baba mtoto ameunga mkono kwa furaha."

Fundi alitoka chumbani na khanga begani. "Shemeji, mimi nilikuwa na jina."

"Shemeji yangu, kikao kimeshafungwa. Asiyekuwepo na lake halipo."

"Nilikuwa nyuma ya ukuta huu!"

"Nyuma ya ukuta si kwenye kikao," alisema Mheshimiwa, akaomba chai.

Kesho yake alimtuma mdogo wake ofisi ya vizazi akaandikishe, maana mtu wa hadhi yake hapangi foleni. Mume alikwenda, akarudi mchana na bahasha, akaiweka juu ya kabati, akatoka kwenda kutengeneza friji ya mwenye bucha. Mheshimiwa hakuomba hata kuiona. Kwake yeye, jambo likishaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao limeshatokea duniani, cheti ni nakala tu. Wifi naye aliamini hivyo hivyo, kwani ndiye aliyeziandika kumbukumbu zenyewe. Fundi hakuigusa bahasha kwa sababu nyingine: kinyaa.

Wiki tatu hakumpa mumewe maneno zaidi ya "Chakula hicho" na "Mshike mtoto." Mara kadhaa mume alifungua mdomo, akaufunga. Fundi alimtazama akamdharau mpaka dharau ikamchosha. Bendera fuata upepo, alijisemea. Na upepo wenyewe unatoka stoo. Akiwa peke yake na mtoto alimwita kwa jina la mama yake, polepole, kama mtu anayekula kitu cha wenyewe.

Jumamosi ya wiki ya tatu Mheshimiwa aliingia akitweta, jasho limemshika kwapani. Kikao cha dharura. Safari hii Fundi alikaa sebuleni, kwenye kiti cha mwenyekiti, mtoto mapajani, na hakuna aliyethubutu kumwambia ahame.

"Mkurugenzi amehamishwa," alisema Mheshimiwa akiwa amesimama. "Ameondoka Alhamisi, hata stoo hakuaga. Jina lile limepoteza sifa. Mkurugenzi mpya ni mwanaume, lakini nimefanya utafiti. Ana mke." Akatoa kikaratasi mfukoni. "Jina la mke ninalo hapa."

Fundi alicheka mpaka mtoto akatikisika. "Na huyu mpya naye akihamishwa?"

"Tutakaa tena," alisema Mheshimiwa bila kupepesa. "Katibu, lete cheti tuone utaratibu wa kubadilisha."

Wifi alishusha bahasha, akavaa miwani, akasoma. Akasoma tena. "Kaka, hili silo tulilopitisha." Akalitamka jina kwa sauti.

Fundi alisikia jina la mama yake likitoka kwenye kinywa cha wifi yake.

Mheshimiwa alinyakua cheti. "Huyu ni nani? Mkubwa wa ofisi gani?"

Fundi alikuwa anamtazama mumewe, na mumewe alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

"Wiki tatu," alisema Fundi. Machozi na hasira vilimjia pamoja. "Wiki tatu umeniacha nakuchukia bure, na hiki kitu kiko juu ya kabati?"

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Nilimwogopa kaka. Ungejua wewe, ungemwambia siku ile ile."

Ni kweli, angemwambia. Alitaka kumkumbatia na kumpiga ndala kwa wakati mmoja. Mwanaume mzima amefanya jambo la haki kwa kunyata, kama mwizi wa kuku!

"Umejua kuliandika," alisema. "Sasa ujue na kulisema. Kaka yako amekuuliza swali."

Mume alisimama.

"Ni jina la mama mkwe wangu. Alikuwa anafua mashuka hospitalini. Hakuwa mkubwa wa ofisi yoyote."

"Kwa hiyo umekidharau kikao?"

Mume alimtazama mtoto, kisha akamtazama kaka yake usoni. Kaka huyo ndiye aliyemfundisha kufunga vifungo vya shati, na tangu siku hiyo hakuwahi kuacha kumfunga.

"Ndiyo, kaka," alisema. "Nimekidharau. Na jina halibadiliki."

Mheshimiwa alikunja kikaratasi chake, akakirudisha mfukoni, akatamka kitu kuhusu nidhamu ambacho hata katibu hakukiandika, akaelekea mlangoni.

Fundi alinyanyua mtoto akamkabidhi mumewe.

"Mwite," alisema. "Sote tusikie."

Akamwita. Mara ya kwanza sauti ilitoka kama mnong'ono. Mara ya pili ilisikika mpaka nje, ambako Mheshimiwa alikuwa anatafuta viatu vyake.