Mbegu Zilizonukia Mkate

Mwaka ule mvua za baridi zilitoboa paa la nyumba yetu upande wa kaskazini, pale pale tunapoweka mbegu. Nilipofunua mtungi wa ngano ya kupandia, harufu ya ukungu ilinipiga puani. Mimi si mtu wa kubabaika. Nilitandaza mbegu zote kwenye uchaga wa fito juu ya tanuri la mkate, nikaagiza moto usizimike kwa siku tatu.

Neshti, mjane wa mwanangu, alisimama na mtoto mgongoni akinitazama.

"Baba, si ndivyo tunavyofanya ngano ya kula? Tunaibanika maganda yalegee, ndipo tuitwange."

"Ile ya kula huipa moto mkali. Hii naipa moto wa kuota mikono tu. Nilikuwa nakausha ngano wewe hujajua kutambaa."

"Haya, baba."

Naijua hiyo haya yake. Ni haya ya mtu aliyenyamaza, si ya mtu aliyekubali.

Siku ya nne nilimkuta Balku kwenye kivuko akinywesha ng'ombe. Nyumba yake iko juu kidogo ya yetu, na tumechokozana tangu ujana, tulipokata miti ya mialoni ya kujengea na yeye akasema mbele ya wasichana kwamba nguzo yangu imepinda. Nguzo hiyo imesimama mpaka leo.

"Watu wako bado wanageuza mbegu mkekani kwa mikono?" nikamuuliza. "Zangu zimeshakauka. Tanuri, bwana! Siku tatu tu."

"Dorun, siku moja utaukausha na mto, ng'ombe wetu wakose pa kunywa."

Waliokuwepo walicheka. Nami nilicheka, maana niliona huo ni mzaha wa mtu aliyeshindwa.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, Neshti alichukua mbegu ishirini bila kuniuliza. Alizifunga katika kitambaa cha kitani kilicholowa, akazitia kifuani. Siku ya sita alikuja akakifungua mbele yangu. Mbili zilikuwa zimetoa ncha nyeupe. Zilizobaki zilikuwa laini kama njegere za kuchemsha, na zilinukia mkate.

"Pengine kitambaa kilipata baridi," nikasema.

"Kilikuwa hapa, baba. Mtoto amelala juu yake kila usiku."

Nikazigeuza zile mbegu kwa kidole.

"Hizi tutazila mpaka majira ya joto," akasema. "Tukizipanda, hazioti. Na mavuno yasipokuwepo, huyu nimpe nini wakati wa baridi? Maji ya mto?"

Kwetu anayeomba mbegu huenda mwenyewe. Husimama nje ya mlango wa watu na kikapu kitupu, akaeleza kwa sauti jinsi alivyozipoteza zake. Tunaamini kwamba kosa lisipotajwa huzifuata mbegu mpya mpaka shambani. Na nyumba iliyokuwa na mbegu za kutosha mwaka ule ilikuwa moja tu, ya Balku.

Siku mbili nilijifanya nina kazi ya kuchonga mpini.

"Nitasema ni panya," nikamwambia Neshti.

"Panya wanajua kuwasha tanuri?"

"Basi, paa."

"Paa lilivuja, kweli. Lakini paa halikupanga mbegu kwenye uchaga." Kisha sauti yake ikashuka. "Baba, mimi ningekwenda. Lakini kosa si langu, na kwa mwanangu sitaki mbegu zenye uongo."

Nikachukua kikapu.

Balku alikuwa mlangoni akinoa shoka lake la jiwe, na mkewe Orsa akisuka mkeka kando yake. Walikiona kikapu kabla hawajaniona uso.

"Karibu, mkausha mito," akasema Balku.

Nilisimama wima. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, lakini yaliyotoka yalikuwa machache.

"Niliziweka juu ya tanuri siku tatu. Mkwe wangu alinionya, sikumsikiliza. Zimekufa. Kosa ni langu."

Nikangoja kicheko chake. Hakikuja. Balku aliweka shoka chini.

"Siku tatu?"

"Tatu."

"Moto wa namna gani?"

"Wa kuota mikono tu."

Aliinuka akakimbilia ndani. Sikuwahi kumwona akikimbia vile tangu alipofukuzwa na fahali wake mwenyewe. Tukasikia fito zinavunjika, vyungu vinaanguka, na Balku akilia kwamba ameungua vidole.

Orsa alicheka mpaka mkeka ukamtoka mikononi.

"Zake ziko juu ya tanuri tangu jana asubuhi," akasema huku akifuta machozi. "Mvua ya juzi iliingia na kwetu. Akaniambia, kama Dorun ameweza, mimi nashindwa na nini? Alitaka na mtungi wangu, nikamnyima. Nilimwambia, shemeji Dorun nguzo tu ilimshinda kunyoosha, sembuse mbegu?"

Balku alitoka na majivu kwenye nywele. Tulitazamana, wazee wawili. Kisha akakichukua kikapu changu. Hakukijaza kutoka kwenye uchaga. Alikijaza kutoka mtungi wa Orsa, mpaka Orsa mwenyewe akasema inatosha.

"Ungesema ni panya, kama wasemavyo wote," akaninong'oneza Balku, "kesho kutwa tungekuwa wawili barabarani na vikapu vitupu."

Mbegu za kikapu kimoja zilikuwa chache, tukazipanda kwa kuachanisha, na shamba langu lilichipua kwa mapengo kama kinywa changu. Hata hivyo lilichipua, na mtoto wa Neshti aliuvuka ule msimu wa baridi.

Mtungi wa mbegu nilimkabidhi Neshti mwaka ule ule. Kila theluji inapoyeyuka hufunga ishirini kwenye kitani, na siku ya sita huniita nizihesabu zilizoota.