Masasi ya Pua Laini

Kama kuna kitu Generose hakukivumilia, ni mtu kugusa meza yake. Chungu chake cha sombe ungeweza kukifunua, mtoto wake ungeweza kumbeba bila kuuliza, hata kitanda chake ungekikalia. Lakini ile meza chini ya dirisha, yenye mashine ndogo ya mkono ya kujazia risasi iliyokazwa kwa skrubu nne, thubutu! Angekutoa nje na mwiko.

Mashine ilitoka kwa marehemu baba yake, Étienne, aliyefundishwa kazi na kolon mmoja, Mzungu mlima pamba wa bonde la Ruzizi. Mwezi wa saba mwaka wa sitini, uhuru wa Kongo ukiwa haujamaliza hata wiki mbili, kolon akavuka mpaka kukimbilia Usumbura, na watu wa kijiji cha Runingu wanaapa kwamba alikuwa na soksi mguu mmoja tu. Akaacha mashine, mkebe wa baruti, magamba matupu ya shaba ya kuvisha pua za risasi, na kisanduku cha fataki, vile vifuniko vidogo vinavyokaa kwenye kitako cha risasi na kuwasha baruti vikigongwa. Étienne alikufa na homa kabla ya Noeli. Binti akarithi vyote, pamoja na onyo la mzee: fataki inaogopa maji, na inaogopa mafuta. Kitu kingine haiogopi.

Basi mwaka uliofuata, mwezi wa nane, nyasi zikiwa zimekauka hadi zinalia ukizikanyaga, simba jike akahamia kwenye matete ya mto Runingu. Alianza na ndama walioteremshwa malisho kutoka Mulenge. Alikula watano, watu wakanung'unika. Halafu siku ya Jumapili, baada ya misa, akamchukua Sabine, jirani yao, akiteka maji. Walipata mtungi tu, na haukuwa umevunjika hata kidogo.

Bunduki ya kuwindia ilikuwa moja kijijini, ya Gratien, mume wa Generose, aliyoachiwa na baba yake. Duka la Uvira lililouza risasi lilikuwa limefungwa tangu mwenyewe akimbie, kufuli limeota kutu. Na kwenye kisanduku cha baba yake, Generose alihesabu fataki sita. Alizihesabu tena, kama mtu anayetumaini kwamba zitazaa. Zilibaki sita.

"Sita zinatosha," Gratien alisema. Alikuwa mtu mpole, mrefu, wa maneno machache.

"Zinatosha kama ni za pua laini," Generose alisema. "Si zile za baba yako."

Ukweli ule ulikuwa na kaburi. Baba yake, Habonimana, alikwenda kwa simba na risasi za askari, zenye pua ngumu ya shaba tupu. Alilenga vizuri sana. Risasi ikapita ndani ya simba kama sindano kwenye kitambaa, ikatokea upande wa pili ikaenda zake, na simba akaendelea kuja. Risasi ya kuwindia haitakiwi kupita. Pua yake ni madini laini ya risasi yaliyoachwa wazi mbele ya gamba la shaba, na ikiingia mwilini inachanua na kubaki humo na nguvu zake zote. Hiyo ndiyo kazi aliyoijua Generose, na moyo ulimdunda kwa hamu ya kuifanya, maana tangu baba yake afe hakuna aliyemwomba.

Akaanza kutafuta vitu. Maganda ya risasi, yale yanayotiwa baruti, yalikuwa kwa wazee, kila mmoja ametia ugoro wake humo na kuziba kwa kipande cha kijiti. Mzee mmoja, kwa uchungu wa kuachana na ganda lake, alimimina ugoro wote kiganjani akauvuta palepale usije ukapotea, akapiga chafya hadi akakaa chini. Madini ya pua yalitoka ziwani: shemeji yake Charlotte wa Makobola alikata vizito sita kwenye wavu wa mumewe mwenyewe, akavileta amevifunga kwenye pindo la kitenge. Mume alipogomba, Charlotte alimwuliza kama samaki wanakula watu.

Ya kwanza ilitoka mbaya. Generose aliyeyusha kizito kwenye kijiko cha chuma, akamimina, mkono ukamtetemeka, na pua ikakaa upande kama ya mtu aliyepigwa ngumi. Akaijaza hivyohivyo hadi mwisho ili kujaribu mashine, kisha akaitupa kwenye mkebe wa chumvi. Tano zilizofuata, jamani, zilikuwa nzuri. Alizipanga mezani jua la alasiri likiziwakia, akacheka peke yake kwa furaha.

Octave, jirani aliyepewa kazi ya kumsindikiza Gratien na mkuki, alipita akachungulia dirishani.

"Gratien," aliita, "weye utaenda kwa simba na masasi ya mikono ya kusonga bukari?"

"Mikono hiyo ndiyo inanilisha, na niko muzima," Gratien alijibu, wala hakuinua kichwa.

Mama mkwe, Apollinarie, alikuwa ameketi mlangoni akisikia yote. Tangu mumewe afe, mama huyu alikuwa akihesabu pumzi za mwanawe. Aliziangalia zile risasi tano kwa muda mrefu, halafu akainuka kwenda jikoni.

Asubuhi jua likichomoza, Gratien alitia risasi tano kwenye mfuko wa shati, akachukua bunduki, akaondoka na Octave. Generose alimtazama mpaka kitambaa cha shati lake kikapotea kwenye mashamba ya pamba. Aliona fahari, na aliona hofu. Akarudi ndani kufagia.

Chini ya meza yake, nyuma ya mguu wa meza, kulikuwa na sahani ya bati.

Aliivuta kwa ufagio. Ilikuwa na mawese, mekundu, yameganda kidogo kwa baridi ya asubuhi. Na katikati ya yale mawese kulikuwa na alama tano za duara, zimepangwa vizuri, kila moja na upana wa kitako cha risasi.

Hakuhitaji kuambiwa. Katika ukoo wa mumewe, tangu enzi za mikuki, mama wa mwindaji alisimamisha vyuma vya mwanawe kwenye sahani ya mawese usiku wa kuamkia mawindo, ili viingie bila kukwama na virudi na mwenyewe. Chuma cha mkuki hakidhuriki na mafuta. Lakini zile risasi zilikuwa zimesimama usiku kucha juu ya vitako vyao, na kwenye vitako ndiko fataki zilikokaa, na maganda yenyewe ya zamani, yamelegea kwa kufunguliwa na kufungwa. Mafuta yalikuwa yamenywewa hadi ndani. Halafu mama akazipangusa vizuri kwa kitambaa, kama mama.

"Mama," aliita, "masasi uliitia mafuta?"

Apollinarie alitokea mlangoni, uso umetulia kwa mara ya kwanza wiki ile nzima. "Niliitia. Weye ulifanya yako, na minye nikafanya yangu. Usiogope, mukamwana. Atarudi."

Generose alikuwa ameshatumbukiza mkono kwenye mkebe wa chumvi, akakorogakoroga hadi kidole kikagusa shaba. Ile mbaya. Ile yenye pua upande, ambayo hakuna mtu aliyeipenda kiasi cha kuipaka mafuta. Akaipangusa chumvi kwenye kanga, akaifumba mkononi, na mguu niponye.

Alikimbia, wee! Alipita katikati ya pamba, akapita kwenye mihogo ya watu bila kuomba radhi, akaruka mfereji ambao siku nyingine angeuzunguka. Wanawake waliokuwa shambani walimwita, wakadhani nyumba inaungua. Pumzi zilimkata, kiuno kikamchoma, naye akili yake ilikuwa kwenye kitu kimoja tu: Gratien ameinua bunduki, na bunduki imekaa kimya.

Kwenye ukingo wa matete alimkuta Octave juu ya kichuguu, mkuki mkononi, macho yamemtoka.

"Bwana yangu iko wapi?"

Octave alinyoosha kidole. Hakuwa na sauti.

Kupiga kelele hakungefaa, maana kelele ingemwamsha simba kabla haijamfikia mume. Generose akapiga moyo konde, akaingia. Njia ilikuwa imelazwa na mwili wa mnyama, na nyayo za Gratien zilikuwa juu yake, mbichi. Alihesabu hatua ili asiwaze. Kwenye hatua ya thelathini na moja alisikia sauti ndogo kavu mbele yake.

Tk.

Halafu kitasa cha bunduki kikafunguliwa na kufungwa. Halafu tena: tk.

Akasukuma matete, akamwona mgongo wa mumewe. Mbele yake, umbali wa kutoka mlangoni hadi jikoni, simba alikuwa amesimama juu ya mifupa ya ndama, masikio yamelala, mkia unapiga nyasi. Alikuwa ameanza kuinama kama wanavyoinama kabla ya kuruka. Generose hakuwaza. Alifungua kanga yake ya juu, akaitandaza kwa mkono mmoja hewani, akasimama bega kwa bega na mumewe. Simba akasita. Alikuwa na mtu mmoja mbele yake, na sasa kulikuwa na mtu na kitu kipana chenye maua mekundu, naye hakujua aanze na kipi.

"Papa Antoine," Generose alisema polepole, kwa jina la mtoto wao, "fungua. Toa hiyo. Shika hii."

Gratien hakugeuka. Alifungua kitasa, risasi nzuri ikadondoka kwenye majani, akanyoosha kiganja nyuma. Alipoigusa ile pua iliyopinda aliijua, akavuta pumzi. Akaitia. Akafunga. Simba akaja.

Bunduki ilipolia ndege wote wa mto waliondoka. Simba alianguka akiwa bado anakuja, akaburuzika kwenye vumbi, akatulia na unyayo mmoja umelala karibu na kiatu cha Gratien. Risasi haikutokea upande wa pili.

Wawili wale walikaa chini palepale. Gratien alicheka, kisha akaokota zile risasi mbili zilizokataa akazitia mfukoni. Generose alilia na kucheka pamoja, na hakuona haya.

"Zile zingine zilikuwa na nini?" Gratien aliuliza.

"Tutaongea nyumbani," alisema, maana hasira ilikuwa imeanza kumpanda, na hakutaka ianzie pale.

Simba alibebwa na wanaume wanane. Kijiji kizima kilitoka na ngoma, na mbele ya wote alikuwa Apollinarie, mikono juu, anacheza kama msichana.

"Mafuta!" aliimba. "Minye nilijua! Mafuta imemurudisha mutoto wangu!"

Generose aliuma midomo. Angeweza kusema neno moja tu mbele ya watu wote, na lilikuwa tayari kwenye ulimi. Lakini aliuona ule uso wa mama aliyekwisha kuzika mume kwa simba, na neno likakwama.

Octave, aliyekuwa ameona yote kutoka kwenye kichuguu, na ambaye sauti ilikuwa imemrudia sasa hatari imekwisha, ndiye aliyesema. "Mafuta gani? Masasi mbili ilikataa kulia! Minye nilisema toka mwanzo, masasi ya mwanamuke. Kidogo tu amuue bwana yake."

Ngoma zikapungua. Watu wakamgeukia Generose. Naye akawatazama.

Apollinarie alikuwa ameacha kucheza. "Ilikataa?" aliuliza. "Gratien, ilikataa?"

Gratien akatoa mfukoni risasi mbili zenye kovu dogo kwenye kitako, akaziweka kwenye kiganja cha mama yake. Mama alizigeuza. Akakisugua kitako kimoja kwa dole gumba, na dole gumba likatoka jekundu. Akamtazama mkamwana wake, miguu yenye matope hadi magotini, kanga iliyochanika. Akaelewa yote kwa mara moja, na akazeeka mbele ya macho ya watu.

"Octave, funga kinywa," alisema. "Si mikono yake. Ni mikono yangu." Akaiinua watu waione. "Minye ndiye nilitaka kumuua mutoto wangu. Huyu ndiye amemuleta."

Hakuna aliyecheka. Octave aliangalia chini.

Jioni ile walimpasua simba, na Gratien akaikuta risasi chini ya bega, imechanuka kama uyoga, kizito cha wavu wa Makobola kimeshikamana na shaba. Aliiosha akampa mke wake. Generose akaipeleka ndani, ambako Apollinarie alikuwa amekaa gizani mbali na ile meza, mikono ameificha chini ya kitenge kama mtoto aliyeiba.

Generose aliiweka risasi mezani. Kisha akachukua bunduki, akailaza mapajani mwa mama, kitako cha mbao kikiwa juu. Mbao ilikuwa kavu, imepasukapasuka na jua. Akaleta ile sahani ya bati.

"Mama," alisema, "mti huu haujapata mafuta tangu baba mukwe afe."

Apollinarie hakutoa mikono mara moja. Kisha akaitoa. Alichovya ncha ya kidole kimoja kwenye mawese, akakisogeza juu ya mbao, akasita kabla ya kugusa.

"Mukamwana," aliuliza, "hapa?"

"Hapo, Mama."